Msafiri na Tarishi

Watu wawili huweza kupita njia moja siku moja, mmoja akawa msafiri na mwenzake tarishi. Tarishi amepewa barua na jina la mwenye kuipokea. Njia kwake ni kizuizi kilichowekwa baina ya mkono wake na mlango wa mtu, na kadiri inavyokuwa fupi ndivyo furaha yake inavyozidi. Msafiri naye huenda ana mahali anapokwenda, lakini akiona moshi nyuma ya kilima hujiuliza ni nani apikaye huko. Husimama, hupinda, huchelewa. Jioni wote wawili huulizwa wameona nini. Tarishi hujibu kuwa barua imefika. Hapana aibu katika utarishi. Ni kazi ya halali, na dunia isingekwenda bila ya watu wa namna hiyo. Walakini mtu aliyelipa nauli ya msafiri kisha akafanywa tarishi ana haki ya kunung'unika, na manung'uniko hayo ndiyo yanayosikika mwaka hata mwaka juu ya sanaa moja changa ya zama hizi, yaani michezo ya video ya ulimwengu wazi.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuicheza yafaa kueleza kwa ufupi. Katika michezo mingine ya safari mchezaji hupelekwa kutoka chumba hata chumba, na mlango wa pili haufunguki mpaka kazi ya mlango wa kwanza imekwisha. Katika mchezo wa ulimwengu wazi huonyeshwa kiooni nchi nzima, yenye milima, mito, miji na watu, kisha huachiwa. Mlima unaoonekana kwa mbali hufikika kwa miguu. Kazi ya kesho huweza kufanywa leo, na ya leo ikaachwa hata mwakani. Ahadi ya michezo hii ni uhuru, na uhuru ni bidhaa ngumu kuuza, maana mnunuzi huitambua upesi ikiwa ni ya bandia.

Ahadi hiyo ilianza katika umaskini wa mashine. Mwaka 1984 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo ulioitwa Elite kwa kompyuta ya BBC Micro, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 32 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo isingeenea ndani yake. Katika nafasi hiyo finyu waliweka galaksi 8, kila moja yenye sayari 256. Hawakuziandika sayari hizo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuziandika. Waliandika kanuni ya hesabu ambayo, ikipewa tarakimu za kuanzia, huzaa jina la sayari, serikali yake na uchumi wake, na huzaa vile vile kila iulizwapo. Ulikuwa ujanja wa kupendeza, nao ulifaa kwa sababu moja ambayo baadhi ya warithi wake waliisahau. Mchezaji wa Elite alikuwa mchuuzi. Kwake yeye sayari ilikuwa bei ya chakula na hatari ya maharamia njiani, na kanuni iliweza kuzigeuza bei na hatari kadiri ilivyotakiwa. Tofauti ambayo hesabu iliweza kuizaa ndiyo hiyo hiyo aliyoijali mtu aliyefika.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1986, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa The Legend of Zelda. Bwana aliyeubuni, Shigeru Miyamoto, amesimulia mara nyingi kwamba utoto wake aliupitisha Sonobe, karibu na Kyoto, akizurura vilimani na mashambani, na kwamba aligundua pango akaliingia na taa mkononi. Mchezo wake ulitaka kumrudishia mtu mzima moyo wa mtoto yule aliyesimama kinywani mwa pango. Hesabu yake ilikuwa ndogo: nchi ya juu ilikuwa na vipande 128 tu vya kioo, 16 kwa 8. Lakini kichaka kikichomwa moto huweza kufichua ngazi, na mwamba ukipigwa baruti huweza kuwa mlango, wala hapana alama ya kumwambia mchezaji ni kichaka kipi. Kwa hiyo kila kichaka kilikuwa swali.

Sanaa hii, basi, ina wazazi wawili, hesabu na pango, na nyumba zilizoanguka kwa kishindo aghalabu ni za watoto waliomfuata mzazi wa kwanza peke yake. Mwaka 1996 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa Daggerfall, mchezo ambao nchi yake ililinganishwa na Uingereza kwa ukubwa, yenye maelfu ya miji, vijiji na mashimo yaliyozaliwa na kanuni. Wachezaji waliupenda kwa mambo yake mengine, lakini nchi hawakuitembea. Walifungua ramani, wakachagua jina, wakafika. Maana baina ya mji na mji hapakuwa na kitu ila majani yale yale.

Mfano ulio mkubwa zaidi ulikuja Agosti 2016. Hello Games, kampuni ndogo ya mji wa Guildford katika Uingereza, ilitoa No Man's Sky, na sifa zake zilitangulia zikibeba tarakimu ya kutisha: sayari 18,446,744,073,709,551,616. Tarakimu hiyo ni 2 kwa kipeo cha 64, yaani wingi wa namba zinazoweza kuandikwa katika nafasi 64 za sifuri na moja. Haikupimwa kwa haja ya msafiri ye yote. Ilitokana na upana wa chombo. Mambo mengine yaliyozungumzwa kabla ya mchezo kutoka hayakuonekana ndani yake, na hasira ya wanunuzi ikawa kubwa. Lakini hata kama yote yangalikuwamo, dosari ya msingi ingalibaki. Mchezaji alishuka katika sayari ya kwanza akastaajabu kwa mimea yake na wanyama wake wa ajabu. Katika ya pili akatabasamu. Katika ya kumi akaanza kuona vipande vile vile vikiwa vimeshonwa kwa mpango mwingine, kama kitambaa cha viraka. Umbo la mnyama halikumtaka afanye jambo jingine. Alichimba madini yale yale, akajaza tangi lile lile, akaondoka. Elite ulikuwa na sayari 2,048 zilizotofautiana kwa kile alichokitafuta mgeni. Mchezo huu ulikuwa na sayari ambazo mtu hawezi kuzimaliza maisha yake yote, nazo zilitofautiana kwa kile alichokitazama mara moja akakiacha.

Haki yataka iongezwe kwamba mafundi wale hawakukimbia. Waliutengeneza mchezo wao mwaka baada ya mwaka bila ya kudai malipo mapya, hata jina lao likasafika. Na dawa yenyewe yafaa kutazamwa. Novemba 2016 waliwapa wachezaji uwezo wa kujenga makao. Mwaka 2018 waliwawezesha kusafiri pamoja na wenzao na kuonana. Dawa ya kwanza ya mchezo wenye sayari nyingi kuliko yote haikuwa sayari zaidi. Ilikuwa sababu ya kukaa katika moja.

Bethesda nao walikuwa wamekwisha jifunza zamani. Mwaka 2002 walitoa Morrowind, kisiwa kimoja kidogo mno mbele ya Daggerfall, kilichopangwa kwa mikono ya watu. Ndani yake mlikuwa na jambo ambalo wapenzi wa michezo hii hulizungumza hata leo kwa sauti ya watu wanaoukumbuka mji wao wa zamani. Mwenyeji akimtuma mchezaji mahali, humweleza njia kwa maneno, kama wenyeji waelezavyo po pote duniani: toka kwa upande wa kaskazini, fuata mto hata darajani, usivuke, tafuta mawe yaliyosimama, pango liko nyuma yake. Maelezo huingia katika daftari la safari, na baada ya hapo mtu na nchi huachiwa wajuane. Kuuliza si ujinga, lakini baada ya kuuliza kuna kazi ya kutazama. Mchezaji hana budi kujua kaskazini ni wapi. Hana budi kutofautisha jiwe na jiwe. Akipotea, hupotelea mahali fulani, na mahali hapo huwa pake. Karibu na kijiji cha kwanza kabisa, mtu apitaye njiani husikia ukelele kutoka juu, na mchawi huanguka kutoka mawinguni akafa mbele ya miguu yake. Katika maiti hukutwa hati za uchawi wa kuruka. Mchezaji mwenye tamaa huzisoma, huruka juu kupita milima, na hapo hapo huelewa mchawi alikufaje. Hapana aliyemtuma kuyajua hayo.

Miaka 4 baadaye, katika mchezo wao uliofuata, Oblivion, dira iliwekwa chini ya kioo, na ndani ya dira mkatiwa alama ya kuonyesha aendako mtu. Haja ya kusikiliza maelezo ikaisha. Mchezaji aligeuka mpaka alama ikakaa katikati, akasonga mbele. Yamkini sababu moja ilikuwa ya fedha: katika Oblivion watu wote husema kwa sauti zilizorekodiwa, na maelezo marefu ya njia ni ghali zaidi yakisemwa na mwigizaji kuliko yakiandikwa. Sababu nyingine ilikuwa ya huruma. Maelezo ya Morrowind mara nyingine yalipotosha, na daftari lake lilikuwa msitu wenyewe. Mtu aliyerudi nyumbani kutoka kazini jioni, ana saa moja ya kucheza kabla ya kulala, hastahili kudharauliwa kwa kutotaka kuimaliza saa hiyo akitafuta jiwe.

Lakini alama ile ilileta jambo ambalo yaelekea halikukusudiwa. Nchi ya Oblivion ilikuwa nzuri kwa macho kuliko kisiwa cha Morrowind, na macho hayakuwa tena juu yake. Yalikuwa juu ya ukanda mwembamba chini ya kioo. Na kwa kuwa alama ipo daima, wasanifu nao huzoea. Hawana tena haja ya kupapa mahali sura ya kukumbukwa, maana hapana atakayeulizwa pakoje. Mchezaji haangalii kwa sababu hapana cha kuangaliwa, na hapana cha kuangaliwa kwa sababu haangalii. Mazoea haya mawili hulishana, na yakisha kunenepa ni vigumu kusema lipi lilimzaa mwenzake.

Wakati huo huo kampuni nyingine ilikuwa ikijenga minara. Mwaka 2007 Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, ilitoa Assassin's Creed, mchezo uliowekwa katika Dameski, Akka na Yerusalemu za mwaka 1191, wakati wa Vita vya Msalaba. Mchezaji huparamia mnara, hutua juu kabisa kama kozi, huutazama mji, na ramani yake hupata habari mpya. Wazo hilo lilikuwa zuri. Apandaye juu huona mbali, na jambo hilo lina ukweli wake hata mchezoni. Kilichoharibu ni kile ambacho ramani ilizidi kujazwa. Mtindo ukaenea. Katika Far Cry 3 wa mwaka 2012 minara ikawa ya redio. Katika Assassin's Creed Unity wa mwaka 2014, uliojengwa juu ya Paris ya siku za mapinduzi, alama za makasha na vijikazi zilikuwa nyingi hata mitaa ya mji ikazibwa na alama zake wenyewe. Ni hasara ya ajabu, maana Paris hiyo ilichongwa kwa ustadi mkubwa, na kanisa la Notre-Dame ndani yake ni kazi ya kumsimamisha mtu. Hapo mkoba wa tarishi umejaa. Kila alama ni barua, na katika mingi ya michezo hii kando ya ramani hukaa asilimia, kumwambia mchezaji barua ngapi zimebaki.

Si uvivu uliozaa mtindo huu. Yaelekea ni wingi wa mikono. Mchezo mkubwa wa namna hii hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, pengine katika studio za nchi mbalimbali. Kazi igawanywe vipi? Makasha 200 huweza kuagizwa kwa kundi moja, na msimamizi akahesabu yaliyokamilika kila Ijumaa. Mshangao hauhesabiki hivyo. Kwa hiyo alama iliyo katika ramani ya mchezaji huwa ni ndugu wa alama iliyokuwa katika orodha ya msimamizi. Imepita mikono yote bila ya kubadilika, ikamfikia mnunuzi ingali kazi.

Tarehe 3 Machi 2017 Nintendo walirudi kwenye pango lao. The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ulioongozwa na Hidemaro Fujibayashi, nao una minara, na minara hiyo hupandwa kama ya wengine, na ramani hufunguka. Lakini kinachofunguka ni sura ya nchi tu, vilima na mito na majina yake. Alama za makasha hazimwagiki. Mchezaji aliye juu ya mnara hutoa darubini, hutazama, na akiona kitu kinachong'aa baina ya miti hupiga alama mwenyewe. Tofauti yaonekana kuwa ndogo. Ni tofauti ya mtu aliyepewa orodha na mtu anayeiandika.

Wasanifu wale wamewaeleza wenzao wa Japani jinsi nchi hiyo ilivyojengwa kwa pembetatu. Pembetatu, yaani mlima, kilima au mwamba, ina mambo mawili mema: huvuta jicho kileleni, na huficha kilicho nyuma. Mtu akiifikia lazima achague, apande juu au azunguke kando, na vyo vyote achaguavyo jambo jipya hutokeza kidogo kidogo ubavuni. Kubwa huonekana kutoka mbali na kuwa dira ya nchi nzima; za kati huficha; ndogo hubadili mwendo wa miguu. Walisema pia kwamba katika majaribio ya mwanzo wachezaji walikwenda kutoka mnara hata mnara, wakihisi wanaongozwa kwa kamba, ndipo wakaipanga nchi upya ili macho yapate mambo mengi ya kuyagombania. Na kupima umbali, Fujibayashi aliitandika ramani ya Kyoto juu ya nchi ya mchezo, ili kila safari ya kiooni ilinganishwe na mwendo ambao watu wa mji huo wanaujua kwa miguu yao. Huo ni utaratibu mwema kuliko tarakimu zote za matangazo, na pengine ndio unaoeleza kwa nini nchi hiyo hujulikana mwilini na si machoni tu.

Kisha kuna sheria zake. Moto huchoma majani, majani yakiungua hewa hupanda juu, na hewa hiyo humwinua mwenye tiara ya kuelea. Radi hutafuta chuma, hata ikiwa ni upanga mgongoni mwa mchezaji mwenyewe. Mvua hulowesha mwamba, na mwamba uliolowa haupandiki. Mvua hii imelaaniwa na wachezaji wengi, nao wana haki. Lakini mvua isiyolaaniwa na mtu ye yote ni rangi ya ukutani tu. Kwa kuwa sheria hizo hazibadiliki, swali moja huweza kujibiwa kwa njia nyingi, na nyingine yawezekana hazikuwazwa na wasanifu. Mwanzoni mchezaji huwekwa juu ya uwanda mmoja uliozungukwa na magenge, hujifunza humo kila sheria kwa kuumizwa nayo, kisha hupewa tiara yake. Ngome ya adui mkuu yaonekana tangu mwanzo. Anayetaka huweza kuiendea moja kwa moja, akafa.

Mbegu 900 zimefichwa katika nchi hiyo, chini ya mawe, juu ya miti, mahali po pote ambapo mtu mwenye shaka angesema, hapa hapakosi kitu. Mchezo huanza kusaidiwa na chache tu. Mwenye kuzikusanya zote 900 hutunukiwa zawadi ya dhahabu yenye umbo la kinyesi. Ni vigumu kuusoma mzaha huo vingine: aliyezurura alizipata alizozihitaji, na aliyefanya hesabu amelipwa ujira wa hesabu. Hata hivyo mchezo huu hauko nje ya lawama. Una vihekalu 120 vya mafumbo, na ingawa mafumbo hutofautiana kuta ni zile zile, hata anayevifululiza huanza kusikia ndani yake harufu ya ofisi.

Ingekuwa rahisi kukomea hapa na kuihukumu alama ya njia kuwa ndiyo mkosaji. Mchezo mmoja wa Poland hauruhusu urahisi huo. The Witcher 3, uliotolewa Mei 2015 na CD Projekt Red wa Warszawa kutokana na visa vya mwandishi Andrzej Sapkowski, una alama tele na mistari ya kumwongoza mtu barabarani. Mchezaji hufika Velen, nchi ya mabwawa iliyokanyagwa na vita, akimtafuta msichana aliye kama bintiye. Bwana wa ngome ya huko, aitwaye Baroni, ana habari za msichana, lakini hazitoi zote mpaka atafutiwe mkewe na binti yake waliotoweka. Ni utume wa kawaida, na kila hatua imeonyeshwa. Walakini kila hatua hufunua: kwamba wanawake hao hawakutekwa bali walikimbia, kwamba bwana huyu ni mlevi aliyempiga mkewe, kwamba mimba iliharibika, na kitoto kile kilichofukiwa bila ya heshima kimegeuka zimwi. Huweza kufika usiku ambao baba hukibeba kiumbe hicho mikononi mwake, akakipa jina na kukizika kizingitini. Aliyeanza kama tarishi amejikuta hakimu, na hapana hukumu ambayo humtoa humo na mikono safi.

Katika mchezo huo huo bahari ya visiwa vya Skellige imetapakaa alama za kuuliza, makumi kwa makumi, na chini ya nyingi kuna mapipa na makasha ya wafanya magendo. Mchezaji huendesha mashua, huzamia, huchukua panga asilolihitaji, hupanda tena mashuani. Alama ya kuuliza iliyochorwa baharini siyo swali. Hapana aliyeuliza kitu. Mafundi ni wale wale, mashine ni ile ile, na dira ni ile ile, lakini upande mmoja njia ina mtu mwishoni mwake na upande mwingine ina pipa. Kwa hiyo kosa la alama si kwamba huonyesha njia. Kosa hutokea pale alama inapokuwa ndiyo sababu pekee ya kwenda.

Jaribio safi zaidi la jambo hili lilikuja mwaka 2019, nalo lilianza kama tasnifu ya shahada ya uzamili ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California. Wanafunzi walioko katika kuandika zao na wajifariji. Outer Wilds ni jua moja na sayari chache, ndogo hata mtu huweza kuizunguka moja kwa miguu kwa dakika kadhaa. Baada ya dakika 22 jua hulipuka, kila kitu hufa, na mchezaji huamka tena pale pale alipoanza. Hapati nguvu, hapati silaha, hapati fedha. Kitu anachotoka nacho katika mauti ni kile alichokifahamu: kwamba mchanga wa sayari moja humiminika katika ya pili, na kwamba mlango uliokuwa umefukiwa huwa wazi kwa muda mfupi kabla ya wakati kwisha. Milango mingi haina ufunguo ila kujua. Mtu ambaye tayari anajua yote angeweza kuufikia mwisho katika dakika zile zile 22 za kwanza, lakini anayeanza hajui, na kujua huko ndiko mchezo wenyewe. Ulimwengu huo mzima ungepotea katika kona moja ya sayari ya No Man's Sky.

Kinachopotezwa au kupatikana katika mambo haya ni saa za maisha ya watu. Mchezo mkubwa huweza kudai saa 100 za mtu mmoja, nao hununuliwa na mamilioni. Mwaka 2018 Assassin's Creed Odyssey, uliowekwa katika Uyunani ya kale, ulikuwa na duka ndani yake lililouza, kwa fedha za kweli, kitu cha kuharakisha kukua kwa mchezaji ili aipite upesi kazi iliyokuwa mbele yake. Jambo hilo lastahili kusomwa mara mbili. Mtu alinunua safari. Kisha, dukani pale pale, akauziwa njia ya kuifupisha. Nchi ile ya Uyunani ilikuwa nzuri na ilijengwa kwa jasho la watu wengi, nao waliomo katika kazi hii hulalamika mara kwa mara juu ya usiku unaofanywa mchana tarehe ya kutolewa mchezo inapokaribia. Ikiwa pipa halina haja kwa anayelichukua, aliyelichonga usiku wa manane alikesha kwa ajili ya nani?

Wafanya biashara hujibu kwamba watu hawapendi kupotea. Tarehe 25 Februari 2022 kampuni ya FromSoftware ya Japani ilitoa Elden Ring, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki: mchezo mgumu, usio na orodha ya kazi, wenye ramani ambayo vipande vyake hutafutwa porini, na mwanga hafifu wa kuelekeza ambao hausemi kuna nini mbele. Katika muda wa mwaka mmoja nakala zaidi ya milioni 20 zilikuwa zimekwisha toka.

Tarehe 12 Mei 2023 Nintendo nao walitoa Tears of the Kingdom, ufuatao ule wa mwaka 2017, wakafanya jambo ambalo wengine walilidhania kuwa uvivu: walitumia nchi ile ile. Waliongeza visiwa angani, giza kubwa chini ya ardhi, na mapango na visima katika vilima vya zamani. Wachezaji wa zamani walioshuka tena walikuta wanajua mto unapopinda na kilele kipi huonekana kutoka kipi. Mchezo unaruhusu ramani ndogo ya pembeni izimwe, na aliyeijua nchi aliweza kuizima tangu siku ya kwanza, akaenda kutazama kama kijiji fulani kingali na watu wake na kama daraja lingali limesimama. Na ye yote aliyekuwa amehifadhi safari yake ya kwanza katika mashine ile ile, alipofika kwenye zizi la njiani, alikuta farasi aliowafuga zamani wapo, na majina yao ni yale yale aliyowapa.